Kuhesabiwa na Kuonwa

Katika nyumba nyingi za Usagara na Chumbageni jijini Tanga, kama katika nyumba nyingi za nchi yetu, pana kisanduku kidogo ukutani chenye vitufe vya tarakimu na taa nyekundu ipepesayo. Watu wote hukiita LUKU, maana yake Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Chombo hiki kimekuwa nasi tangu miaka ya 1990, hata vijana wetu hawakumbuki wakati ambapo mtu wa umeme alikuja na daftari lake kusoma mita, akakaribishwa kikombe cha chai. Kisanduku hakinywi chai, wala hakilali. Mchana na usiku chahesabu umeme unaopita, na uniti zikiisha chakata pale pale, awe mgonjwa yumo ndani au hayumo, iwe siku ya kazi au Noeli.

Mwaka 2024 kisanduku hicho kilitufundisha jambo ambalo wengi hawakulijua. TANESCO iliwataka wateja wote waboreshe mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Aliyenunua umeme kwa mara ya kwanza katika kipindi hicho alipokea safu tatu za tarakimu, kila safu tarakimu 20, naye akasimama mbele ya mita akibonyeza moja moja, huku mtoto akimsomea kutoka kwenye simu. Wengine walinung'unika, wengine walidhani ni hila ya kuwatoza fedha. Kumbe sababu yake ilikuwa ya ulimwengu mzima. Mita za namna hii, popote zilipo duniani, hupokea tokeni zilizopigwa muhuri wa dakika zilipotolewa, ili tokeni moja isitumiwe mara mbili; na dakika hizo zilikuwa zikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyowekwa ya kuziandikia yatosha dakika 16,777,216 tu, ambazo ni karibu miaka 32. Nafasi ilikuwa inajaa. Mita isiyoboreshwa isingeweza tena kupokea umeme mpya. Hivyo bibi wa Korogwe na tajiri wa mji wa mbali ng'ambo ya bahari walikuwa wakihesabiwa kwa saa moja, pasipo yeyote kati yao kujua.

Twaeleza habari hizo kwa urefu kwa sababu watu wengi, wakisikia kwamba siku hizi vyombo vya nyumbani vimeunganishwa na intaneti, hudhani ni mambo ya Ulaya na Marekani, ya friji inayojiagizia maziwa na taa inayotii sauti ya bwana wake. Sivyo. Vyombo hivyo vimekwisha kuingia kwetu, navyo viliingia kwa mlango wa umeme, wa maji, wa basi na wa simu. Katika lugha ya wataalamu huitwa vihisi, yaani vyombo vidogo vinavyohisi joto, mwendo, maji au mtikisiko, kisha vikapeleka habari mbali kwa njia ya mtandao. LUKU ya kale haikuwa na mtandao ndani yake. Aliyeipelekea habari alikuwa mtu, kwa vidole vyake. Lakini TANESCO imeanza kufunga mita janja, ambazo hupokea umeme ulionunuliwa pasipo mtu kubonyeza kitu. Vidole vimepumzishwa.

Wala tusiwe watu wa kulaumu kila kitu kipya. Chanjo nyingi za watoto hazina budi kukaa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Zikipata joto kali huharibika, na jicho la mtu haliwezi kuona kwamba zimeharibika. Zamani muuguzi alifungua friji asubuhi na jioni, akaandika kipimo; umeme ukikatika usiku wa manane, hakujua mpaka alfajiri. Leo ziko friji za chanjo, hapa Tanzania na Kenya pia, zenye kihisi kinachompelekea mhudumu ujumbe wa simu mara joto linapopanda, naye akaamka na kuzihamisha chanjo. Mama anayembeba mtoto mgongoni kutoka kijiji cha mbali hajui kamwe kwamba kuna kitu kilichokesha kwa ajili yake. Hilo ni jema, na ashukuriwe Mungu aliyewapa wanadamu akili.

Kadhalika njia ya kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, kwa Segera na Chalinze, imemwaga damu nyingi. Mabasi ya safari ndefu sasa hufungwa kifaa kinachoipasha habari LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, juu ya mahali basi lilipo na mwendo wake. Dereva akizidi kilomita 80 kwa saa, mwendo wake huandikwa, naye hawezi tena kusema kwamba hakuna aliyemwona. Abiria husali Rozari zao kwa utulivu zaidi, ingawa twawaomba wasiache kuisali. Na huko Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga, ambako jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Agosti 2017, ndipo mwisho wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda, mwendo wa kilomita 1,443. Mafuta yale huganda kama nta, sharti yapashwe moto njia nzima. Na katika mpango wa ujenzi, kando ya bomba huzikwa waya wa nyuzi za kioo unaohisi joto na mtikisiko wa udongo, ili bomba likivuja, au mtu akichimba karibu nalo, walinzi wajue. Mkulima anayelima mihogo yake jirani na njia ile ana jirani mpya asiyesinzia.

Mama Kanisa hana desturi ya kuvilaani vyombo kwa kuwa ni vipya. Tarehe 8 Septemba 1957 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili alitoa waraka juu ya sinema, redio na televisheni. Hakuvikataza vyombo hivyo. Aliwataka wenye nyumba wawe macho juu ya kile kiingiacho sebuleni mwao. Kabla yake, mwaka 1891, Papa Leo wa Kumi na Tatu alitetea haki za wafanyakazi wakati mashine za viwanda zilipokuwa zikigeuza maisha ya watu. Naye Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza Makardinali siku mbili baadaye kwamba alilichagua jina hilo hasa kwa sababu ya waraka ule wa 1891, kwa kuwa ulimwengu umekabiliwa tena na mageuzi makubwa, safari hii ya akili mnemba. Lakini yafaa tutambue tofauti moja. Redio na televisheni ziliuleta ulimwengu ndani ya nyumba. Vyombo vya leo vyaitoa nyumba na kuipeleka ulimwenguni: saa tunayolala, maji tunayooga, mahali alipo mtoto, siku ambayo hatukuwa na fedha. Pio wa Kumi na Mbili aliuliza nini kinaingia. Sisi yatupasa kuuliza nini kinatoka, nacho kinakwenda kwa nani.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli imo habari ambayo mapadre huihubiri mara chache. Mfalme Daudi alimwagiza Yoabu, jemadari wake, awahesabu watu wote wa Israeli na Yuda. Yoabu alikuwa askari mwenye mikono ya damu, si mtu wa kuona haya upesi. Hata hivyo alimsihi mfalme asilitende jambo hilo. Daudi akashikilia neno lake. Wakazunguka nchi yote kwa muda wa miezi tisa na siku ishirini, wakarudi na hesabu. Hapo moyo wa Daudi ukamchoma, akajua kwamba amekosa, na adhabu ikaja juu ya nchi. Kwa nini? Kuhesabu kwenyewe si dhambi. Musa aliamriwa na Mungu mwenyewe awahesabu watu, na kimo kitabu kizima kiitwacho Hesabu. Wataalamu wa Maandiko wameeleza sababu mbalimbali. Sisi twaiona ile iliyo karibu nasi. Daudi alikuwa mchungaji tangu ujana wake, aliwajua kondoo kwa sauti na kwa vilema vyao. Alipoketi katika kiti cha enzi akataka kuwajua watu kwa idadi ya panga wawezazo kushika. Aliacha kuwaona, akataka kuwahesabu.

Mkumbukeni sasa mchungaji mwingine, yule wa Injili, mwenye kondoo 100. Naye alihesabu! Asingalihesabu, asingalijua kwamba amepotea mmoja. Lakini hesabu ilipomwambia kwamba wapo 99, hakutosheka na habari hiyo. Aliondoka kwa miguu yake, akaenda porini, akamtafuta hata alipomwona, akambeba mabegani. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu, wapendwa wasomaji. Kihisi chaweza kutuambia vizuri kabisa, na upesi kuliko mchungaji yeyote, kwamba amepotea mmoja. Hakivai viatu. Hatari ya zama hizi si kwamba vyombo vyahesabu, bali kwamba sisi, tukiisha kupewa hesabu, twaona kana kwamba tumekwisha kwenda.

Chukueni mfano wa nyumbani. Tuseme kijana afanya kazi Dar es Salaam, na mama yake mzee akaa Muheza. Zamani, kama alitaka mama asikae gizani, alimtumia mtu fedha, au alikwenda mwenyewe. Sasa hununua umeme kwa simu akiwa ndani ya daladala, na tarakimu 20 humfikia mama mara moja. Ni wema mkubwa, na mwana huyo astahili baraka. Lakini angalieni kilichotokea upande wa pili. Macho ya mama ni mazito, hawezi kuzisoma tarakimu. Humwita mjukuu wa jirani. Mtoto huja, hubonyeza, mama humpa kipande cha muhogo, humwuliza habari za shule; mtoto naye, akirudi kwao, husema kwamba bibi leo alikuwa akikohoa. Hiyo ndiyo habari iliyo njema kuliko uniti. Ikaletwa na upungufu wa mashine! Sasa mita janja itakapofungwa nyumbani kwa bibi, tarakimu hazitahitajika tena, mtoto hatakuwa na sababu ya kuja, na kikohozi cha bibi kitabaki kati yake na kuta zake. Hakuna aliyetenda dhambi hapo. Kampuni imeondoa usumbufu, mwana ameondoa giza. Ila katika kuuondoa usumbufu, mgeni naye ameondolewa.

Hatusemi mita irudishwe. Twasema kwamba kila chombo kinapotupunguzia safari moja ya upendo, twadaiwa safari hiyo kwa njia nyingine. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, mwaka 1976, waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa msingi wa uchungaji katika nchi zetu, na maana yake ilikuwa hiyo hasa: pasiwepo Mkristu asiyejulikana na watu kumi walio karibu naye. Jumuiya ikijua ni nyumba zipi ambamo mtoto wa jirani haingii tena, yaweza kumtuma mtoto aingie bila tarakimu.

Habari ya maji ni nzito zaidi, maana umeme ni faraja lakini maji ni uhai. Katika vijiji kadhaa vya Tanzania mabomba ya jumuiya yamefungwa mita za malipo ya kabla. Mtu ana kadi au kitufe chake. Akikigusisha penye mita, maji hutoka na fedha hupungua. Fedha ikiisha, maji husimama. Mpango huu una haki nyingi upande wake, na asiyejua historia ya visima vyetu asiudharau. Ni mara ngapi kijiji kilichimbiwa kisima, kukawa na sherehe na ngoma, kisha baada ya miaka miwili pampu ikafa, na fedha za matengenezo zilizokusanywa ndoo kwa ndoo hazikuonekana? Kamati ilisema zipo kwa mtunza hazina, mtunza hazina akasema alikopesha, na akina mama wakarudi mtoni. Mita haikopeshi shemeji. Fedha yote huonekana, senti kwa senti, na pampu hutengenezwa. Huo ni uaminifu, na uaminifu ni fadhila hata ukiletwa na chuma.

Lakini yule mama aliyekaa penye bomba la zamani, pamoja na makosa yake yote, alijua jambo moja ambalo mita haitalijua. Alijua kwamba huyu ni mjane, kwamba huyu mumewe yu baharini tangu juzi, kwamba huyu ana mtoto mwenye kuhara. Aliweza kusema, chukua ndoo mbili, utalipa kesho. Mita haina kesho. Basi kijiji kilichopokea mita yapasa kiamue wazi wazi, katika mkutano wake, nani atakayeijaza kadi ya asiye nacho, na kwa fedha ipi; kwa kuwa huruma iliyokuwa ikitolewa kimya kimya na mama wa bombani haitatoka yenyewe katika mtambo. Kama haikuandikwa katika hesabu, itakuwa imefutwa. Parokia nazo zina masanduku ya maskini. Sioni kwa nini fedha ya sanduku hilo isiwe maji.

Neno kama hilo laweza kusemwa juu ya taa za jua. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza nchini Kenya kuuza mitambo midogo ya umeme wa jua kwa malipo madogo ya kila siku yaliyopita katika simu. Ndani ya kisanduku chake mlikuwa na laini ya simu; mwenye deni asipolipa, mtambo ulizimwa kutoka mbali, akilipa ukawashwa. Tanzania nayo ilipata makampuni ya namna hiyo. Watu wengi ambao benki isingewatazama walipata taa kwa njia hii, wakaachana na moshi wa kibatari, na watoto wakasoma usiku. Ila deni hili ni la aina mpya duniani. Mwenye duka wa mtaani huja, hugonga mlango, huona msiba, hurudi. Deni la siku hizi limo ndani ya kitu chenyewe, nalo halina macho ya kuona msiba.

Tena mambo haya yote yategemea uzi mmoja. Mwezi wa Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme wa LUKU ulipatwa na hitilafu, na watu wenye fedha mikononi mwao walishindwa kununua, foleni zikajaa penye ofisi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini iitwayo EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Mtu mwenye busara huweka taa ya mafuta kabatini.

Sasa twafika penye jambo ambalo hasa limetufanya tushike kalamu. Siku hizi kamera ndogo yenye intaneti haigharimu fedha nyingi, na laini ya simu yatosha kuiendesha. Mama aliye ofisini, au baba aliye safarini, afungua simu yake na kuiona sebule yake, mtoto wake, na binti wa kazi. Binti huyo pengine ametoka Lushoto au Handeni, pengine Iringa au Singida. Umri wake ni miaka 18, na mara nyingine, kinyume cha haki, ni chini ya hapo. Watoto humwita dada. Sisi nasi twamwita dada. Neno hilo ni zuri kupita mengi ya lugha yetu, nalo lina deni ndani yake: dada wa mtu hula alacho ndugu yake, huugua akauguzwa, hukosa akakemewa uso kwa uso wala haviziwi.

Hatusemi kwamba wazazi hao hawana sababu. Watoto wachanga wamepata kuumizwa na watunzaji wao, na mzazi atatoa hesabu mbele ya Mungu juu ya mtoto aliyekabidhiwa. Anayefunga kamera kwa ajili ya mtoto asiyeweza kusema hafanyi kosa kwa kufunga. Lakini tutazame kamera yaona nini. Yaona kwamba saa nane mchana binti amesinzia kitini. Haikuona kwamba aliamka saa kumi alfajiri kupasha maji ya kuoga watu sita, kwa sababu kamera haikufungwa jikoni. Yaona kwamba amekula ndizi ya mtoto. Haioni kwamba jana usiku sufuria lilimfikia tupu. Yaona kwamba ameongea na simu muda mrefu. Haijui kwamba kwao kuna maziko. Na hatujapata kusikia nyumba hata moja ambamo kamera imefungwa ikimtazama mwajiri, wala ambamo binti amepewa ruhusa ya kutazama picha hizo siku anaposhitakiwa. Jicho hilo hutazama upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini.

Tena wako wenye nyumba, twaandika kwa aibu lakini twaandika, ambao wameziweka kamera karibu na mahali ambapo binti hulala au huoga. Hiyo si ulinzi wa mtoto. Ni dhambi ya mauti, na wanaoitenda wasijifiche nyuma ya neno usalama. Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kwa ufupi, sheria hiyo yakiri kwamba habari za mtu, na picha yake miongoni mwa hizo, zina mwenyewe. Binti wa kazi ni mtu.

Katika Kitabu cha Mwanzo yupo binti wa kazi. Jina lake Hagari, Mmisri, mgeni katika nyumba ya Abramu na Sarai. Tusiwafanye wenye nyumba wale kuwa watu wabaya. Walikuwa watu wa Mungu, wenye ahadi, kama sisi tulivyo watu wa Misa ya Jumapili. Hata hivyo Sarai alimtesa, na Hagari akakimbia jangwani, akiwa mjamzito. Malaika wa Bwana akamkuta penye chemchemi ya maji. Hakuanza kwa kumkaripia wala kwa kumtajia makosa yake. Alimwuliza maswali mawili: ametoka wapi, na anakwenda wapi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza maswali hayo katika nyumba nzima, ingawa kila siku walimwona akipita na mtungi. Ndipo Hagari akafanya jambo la ajabu kabisa, yeye mtumwa, mwanamke, mgeni: akampa Mungu jina. Akamwita Mungu anayeona. Angalieni hakuogopa kuonwa huko. Wengine wetu tuliambiwa utotoni kwamba Mungu atuona, ili tusiibe sukari, na tukadhani jicho la Mungu ni la namna ya askari wa zamu. Kwa Hagari kuonwa na Mungu kulikuwa ni kupumua. Maana macho ya Sarai yalimwona kazi yake, na ya Mungu yalimwona yeye.

Habari yake haikwisha vizuri upesi. Alirudishwa katika nyumba ile ile, na miaka baadaye alifukuzwa pamoja na mtoto wake, wakiwa na mkate na kiriba cha maji, hata maji yakaisha, na Mungu akamwona tena na kumwonyesha kisima. Twamtaja kwa sababu wako wengi wa namna yake, na si katika miji yetu tu. Kutoka Zanzibar na pwani ya bara, wanawake wamevuka bahari kwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya Watanzania hao, na kichwa chake kilisema kwamba wafanya kazi kama roboti. Wengi wao walieleza kwamba waajiri waliwanyang'anya pasipoti, kwamba walifanyishwa kazi kwa saa nyingi mno bila siku ya kupumzika, na baadhi yao walipigwa. Twahuzunika sana tukisoma hayo, na ni haki. Ila inafaa tujiulize kama binti wa Lushoto aliyeko katika nyumba yetu, akihojiwa faraghani na mgeni mwenye daftari, angesema maneno yaliyo tofauti kabisa.

Basi, mwenye kamera nyumbani mwake amwite dada jioni hii, kabla ya sala ya familia. Amwonyeshe ilipo na inapotazama, amwambie ni nani wanaozitazama picha na zinakaa siku ngapi. Iliyo karibu na kitanda au bafu ing'olewe usiku huu huu. Siku akilaumiwa kwa jambo lililoonekana katika picha, naye apewe kuitazama, kisha aseme lililotokea kabla yake. Ajulishwe siku yake ya kupumzika, na mshahara wake atajiwe tarehe. Halafu aulizwe yale maswali mawili ya malaika, ametoka wapi na anakwenda wapi, naye aachiwe nafasi ya kujibu, hata kama chakula kitachelewa.